Kupanda darini kwenye gereji: ngazi ya kuegemeza, ya kushusha, ya kudumu au lifti ya mizigo?

Nyumba nyingi za pembezoni mwa miji ya Marekani, kuanzia Dallas na Houston hadi Columbus na Minneapolis, zina gereji ya magari mawili, na juu ya gereji hiyo kuna nafasi tupu kati ya dari na paa. Kwetu sisi tuliohamia huku nafasi hiyo ni kishawishi kikubwa. Kuna masanduku ya safari ya Desemba, kuna matairi ya theluji, kuna mifuko ya nguo zilizowabana watoto inayosubiri kontena la Mombasa au Dar es Salaam lijae. Gari linalala nje, gereji imefurika, na siku moja mwenye nyumba anainua macho.

Njia za kufika huko juu ambazo mwenye nyumba wa kawaida anazimudu ni hizi: ngazi ya kuegemeza, ngazi ya kushusha inayokunjwa na kufungiwa darini, ile ya mabomba yanayoingiana, ngazi ya kudumu kama ya ghorofani, na lifti ya mizigo. Wauzaji wanazishindanisha kwa bei na kwa uzito zinaobeba. Mimi nazipima kwanza kwa jambo jingine: unaposhuka, mikono yako imeshika nini?

Mpanda ngazi hushuka, na gerejini msemo huo hauna fumbo lolote. Ukipanda unaona unakokwenda. Ukishuka unarudi kinyumenyume, unapapasa kidato kwa ncha ya kiatu, na kama umekumbatia boksi la sufuria huioni miguu yako wala huna mkono wa kujishikia. Chini ni zege. Mafunzo ya usalama kazini husisitiza kwamba sehemu tatu za mwili ziguse ngazi muda wote: miguu miwili na mkono mmoja, au mikono miwili na mguu mmoja. Aliyebeba boksi kwa mikono yote miwili anaanza na mbili tu, na kila anapohamisha mguu anabaki na moja.

Kenchi na jipsamu kwanza, ngazi baadaye

Kuna mambo mawili yanayoweza kukukatalia hata kabla hujachagua ngazi.

La kwanza ni kenchi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa na dari. Nyumba nyingi zilizojengwa miongo ya karibuni zina kenchi zilizotengenezwa kiwandani, zikaunganishwa kwa vibati vya chuma vyenye meno, na mara nyingi zimepangwa kila baada ya inchi 24. Kila ubao wa kenchi una kazi yake, hata ule mwembamba unaoonekana kama wa ziada. Ukikata ule wa chini ili upate tundu pana, umeiondolea kenchi nzima nguvu zake, na paa huanza kusukuma kuta kwa nje. Hapo haamui rafiki yako mwenye msumeno wala wewe. Anaamua mhandisi, kwa mchoro wa marekebisho. Nafuu ni kwamba nafasi iliyobaki kati ya kenchi mbili ni karibu inchi 22 na nusu, na watengenezaji wa ngazi za kushusha wanalijua hilo. Saizi iliyoenea sana madukani ni ya tundu la inchi 22½ kwa 54, ambayo huingia katikati bila kukata chochote, ilimradi urefu wa tundu ufuate mwelekeo wa kenchi. Nyumba ya zamani yenye boriti kila baada ya inchi 16 ni habari nyingine: hapo boriti hukatwa, kisha hufungwa mbao za kupitisha mzigo kwenye boriti za jirani. Seremala mzuri anaijua kazi hiyo, lakini si ya kujifunzia.

Halafu kuna uzito wa vitu vyenyewe. Kanuni za ujenzi wa nyumba za makazi zinazofuatwa katika majimbo mengi, zile zinazoitwa IRC kwa kifupi, huhesabu dari isiyokusudiwa kuwekwa vitu kwa paundi 10 kwa kila futi ya mraba. Dari ya kuweka vitu kiasi huhesabiwa kwa paundi 20, na ile inayofikiwa kwa ngazi ya kudumu kwa paundi 30. Tuiweke kwa lugha ya masanduku. Karatasi moja ya plaiwudi, futi 4 kwa 8, ina futi za mraba 32. Kwa hesabu ya paundi 10, eneo lote hilo linabeba paundi 320, yaani kilo 145 hivi. Ni masanduku sita ya kilo 23 kama yale ya ndege, na bado wewe mwenyewe hujapanda. Ukitaka kujua kenchi zako zilihesabiwa kwa kiwango gani, ulizia michoro ya nyumba kwa mjenzi au ofisi ya ujenzi ya mji. Kuzitazama kwa macho hakutakuambia.

La pili ni moto, na hili wengi hulisikia baada ya kutoboa. Dari ya gereji iliyoungana na nyumba haikuwekwa kwa ajili ya urembo. Pale ambapo nafasi ya juu ya gereji inaendelea hadi juu ya vyumba, ile bodi ya jipsamu ya nusu inchi ndiyo inayowatenganisha mliolala na gari, dumu la petroli na mashine ya kukatia majani. Gereji yenye chumba juu yake hutakiwa jipsamu nene zaidi, ya inchi 5/8, ya aina iliyotengenezwa kuhimili moto. Sasa ukikata tundu la futi nne na nusu ukaliziba kwa kipande cha plaiwudi nyembamba, umewajengea moto na moshi dohani ya kwenda vyumbani. Hewa chafu ya gari nayo hupitia humo humo.

Suluhisho lipo. Zinauzwa ngazi za kushusha ambazo mlango wake umepimwa kustahimili moto kwa dakika zilizoandikwa kwenye kibandiko, na bei yake ni ya juu kuliko ya kawaida. Njia nyingine ni kujenga ukuta wa jipsamu huko huko juu, kati ya upande wa gereji na upande wa nyumba, ili kinga ihamie hapo. Ipi inakubalika kwenu, waulize ofisi ya ujenzi, kwa sababu kila mji una namna yake ya kuzichukua kanuni. Gereji iliyosimama peke yake uani, mbali na nyumba, haina mzigo huu kwa kiasi hicho. Wenye gereji hizo wana uhuru zaidi wa kuchagua.

Zikiwekwa pamoja

| Njia | Inafaa kwa | Mikono unaposhuka | Nafasi inayokula | Gharama |
|---|---|---|---|---|
| Ya kuegemeza | Mara moja au mbili kwa mwaka, bila mzigo | Yote miwili kwenye ngazi | Ndoano mbili ukutani | Ndogo kabisa |
| Ya kushusha | Kila mwezi, maboksi mepesi | Mmoja kwenye ngazi, wa pili na kitu kidogo | Karibu futi 6 za sakafu ikiwa wazi | Ya kati |
| Ya mabomba | Tundu dogo, ukaguzi tu | Yote miwili kwenye ngazi | Karibu hakuna | Ya kati |
| Ya kudumu | Kila wiki, vitu vya ukubwa wowote wa kubebeka | Mmoja kwenye mkono wa ngazi | Karibu sehemu ya gari moja | Kubwa |
| Lifti ya mizigo | Vizito na vikubwa | Mitupu | Pa kutulia jukwaa | Kubwa, na ngazi bado inahitajika |

Ngazi ya kuegemeza

Wengi tunaanza na hii kwa sababu ipo tayari. Ikiwekwa sawasawa haina ubaya: kwa kila futi nne za kwenda juu, mguu wa ngazi unakaa futi moja mbali na inapoegemea, na ncha ya juu inapita ukingo wa tundu kwa futi tatu ili uwe na cha kushika unapovuka. Kwa dari ya futi 9, basi, unahitaji ngazi ifike futi 12 kwenda juu. Ile ya kurefusha inayouzwa kwa jina la futi 16 hutoa futi 13 tu za matumizi, kwa kuwa vipande viwili lazima vipishane. Inatosha, kwa shida.

Tatizo la ngazi hii liko kwenye tundu. Tundu dogo kabisa linaloruhusiwa na IRC kwa kuingia darini ni inchi 22 kwa 30. Fundi wa umeme anapenya hapo akiwa na tochi. Lakini ngazi ikishachomoza futi tatu ndani ya tundu hilo, imekula sehemu ya upana na ya urefu, na wewe unajipenyeza kwenye kilichobaki, ukiizunguka ngazi kwa kiuno. Huku juu hakuna reli. Sasa jaribu kupitisha pipa la plastiki la mapambo ya sikukuu hapo. Watu huishia kuishusha ngazi ikome kwenye ukingo ili wapate nafasi, na hapo wamejinyima kile cha kushika wakati ule ule wanapokihitaji.

Ile ya miguu minne, inayosimama kama herufi A, ndiyo ninayoikataa kabisa kwa kazi hii. Imetengenezwa kwa ajili ya kusimama juu yake ukafanya kazi ukashuka. Haikutengenezwa kwa ajili ya kuvuka kwenda sehemu nyingine. Kidato cha juu kabisa na kile kinachofuata si vya kukanyaga, na ndivyo hasa vinavyokanyagwa na anayetaka kujivuta darini kwa viwiko. Kuikunja na kuiegemeza ukutani ni kosa jingine, kwa sababu miguu yake haikukatwa kwa pembe hiyo na huteleza kwenye zege.

Hapa pia ni mahali pa kusoma kibandiko cha pembeni, maana madaraja haya ya Marekani yanawachanganya wengi. Aina ya III hubeba paundi 200 (kilo 91), ya II paundi 225 (kilo 102), ya I paundi 250 (kilo 113), ya IA paundi 300 (kilo 136), na ya IAA paundi 375 (kilo 170). Namba hiyo ni wewe pamoja na nguo, viatu, na ulichoshika. Mwanaume wa kilo 95 mwenye sanduku la kilo 23 ana kilo 118. Ameshaipita aina ya I, na ngazi za bei nafuu dukani ziko chini ya hapo.

Ngazi ya kushusha

Hii ndiyo itakayowafaa wengi, na kwa hiyo ndiyo yenye mengi ya kusema. Ni fremu ya boksi inayofungwa kati ya kenchi, mlango unaofunguka kwa kuvuta kamba, na ngazi ya vipande viwili au vitatu inayokunjuka hadi sakafuni. Faida yake ya kwanza si uimara, ni mahali. Ngazi iko pale pale kila siku, kwa pembe ile ile, imefungwa juu. Hakuna siku utakayoiegemeza vibaya kwa haraka. Na tundu lake, inchi 54 kwa urefu, linakupa nafasi ya kupita na boksi la wastani.

Za mbao ni za bei ya chini, na mkononi na mguuni haziunguzi wakati wa kiangazi wala hazibaridi wakati wa theluji. Lakini gereji ni mahali pa unyevu na mabadiliko makubwa ya joto, mbao hutanuka na kusinyaa, na boliti hulegea. Ukinunua ya mbao, umenunua pia kazi ya kukaza boliti. Za aluminiamu ni nyepesi, hazipindi kwa unyevu, na mara nyingi hubeba zaidi. Zipo za paundi 350 na 375. Kelele zake ni nyingi kidogo na miguu isiyo na mpira hukwaruza sakafu. Tofauti ya bei kati ya ya paundi 250 na ya paundi 350 ni ndogo ukilinganisha na gharama ya fundi, ambayo utailipa ile ile kwa zote mbili. Chukua ya paundi 350.

Ngazi nzuri ikifungwa vibaya ni mbaya kuliko ya kuegemeza, kwa sababu unaiamini. Makosa yanayojirudia yanajulikana. Fremu inapigiliwa kwa skrubu nyembamba za jipsamu, zile nyeusi, ambazo hukatika kichwa zikibebeshwa mzigo wa pembeni. Maelekezo ya watengenezaji hutaka misumari minene au skrubu kubwa za mbao, hasa kwenye pembe nne na kwenye bawaba. Kabari hazikuwekwa kati ya fremu na kenchi, kwa hiyo skrubu ikikazwa fremu inavutwa upande na mlango haufungi. Kosa la tatu ni kipande cha chini kukatwa kirefu mno au kifupi mno. Ngazi ikiwa wazi na mtu akiwa juu yake, viungo vyote vinatakiwa vifunge kabisa, ubao kwa ubao, na miguu ilale yote sakafuni. Ukiona mwanya kwenye kiungo, uzito wako unabebwa na bawaba badala ya miguu.

Na hapo gereji ina mtego wake ambao chumba cha kulala hakina: sakafu yake ina mteremko wa kupeleka maji kwenye mlango wa gari. Ngazi ikikunjukia ubavuni mwa mteremko, mguu mmoja unahitaji kuwa mrefu kuliko mwingine. Pima kila mguu peke yake. Mafundi wa ndani ya nyumba, waliozoea sakafu tambarare, hupima mmoja wakakata yote miwili.

Angalia pia mlango wa gari unapokaa ukiwa wazi. Unalala chini ya dari, juu ya magari, pamoja na reli zake na mashine inayouvuta. Tundu likikatwa juu ya njia hiyo, ngazi haitashuka mlango ukiwa wazi. Na mlango ukifunguliwa na mtu mwenye rimoti barabarani wakati ngazi iko chini, utaipiga. Tundu liwe upande wa nyuma wa gereji, mlango usipofika, na hata hivyo uchomoe plagi ya mashine kabla ya kupanda.

Kuhusu mikono: vidato vya ngazi hii ni bapa na mwinamo wake ni mdogo kuliko wa ngazi ya kuegemeza, ndiyo maana watu hujaribu kushuka wakiipa mgongo kama wanaoshuka ghorofani. Usifanye hivyo. Shuka uso ukiwa kwenye ngazi. Agiza na mkono wa chuma wa kujishikia upande mmoja, maana nyingi haziji nao, na juu kabisa funga kishikio kwenye kenchi, mahali ambapo mkono wako unatafuta kitu wakati mguu wa kwanza unapotua kidato cha juu. Kwa maboksi, mmoja apige magoti juu, mwingine asimame vidato vichache kutoka chini na kupokea. Asiwepo mtu wala mtoto chini ya boksi linaloshuka.

Ile ya mabomba

Hujikusanya ikawa fupi, na zipo zinazotoshea tundu dogo ambalo ya kukunja haiingii. Inapendeza machoni. Inategemea vifungo vya kila bomba kufunga sawasawa, na vumbi la gereji si rafiki wa vifungo hivyo. Vidato vyake vingi ni vyembamba, na tundu dogo maana yake boksi halipiti. Nikikagua mabomba au nyaya darini mara chache kwa mwaka ningeichukua. Kwa kuhifadhi vitu, hapana.

Ngazi ya kudumu

Hakuna iliyo salama kuliko hii, kwa sababu unapanda kama binadamu, mkono mmoja kwenye mkono wa ngazi, boksi kwenye nyonga. Bei yake kubwa ni ya nafasi. IRC hutaka ngazi ya nyumbani iwe na upana wa angalau inchi 36, kila kidato kisipande zaidi ya inchi 7¾, na kina cha kukanyagia kisipungue inchi 10. Juu ya kichwa kuwe na futi 6 na inchi 8. Piga hesabu kwa dari ya futi 9. Ukiongeza unene wa boriti na plaiwudi, kimo kinafika kama inchi 119. Hiyo ni mipando 16, vikanyagio 15, na urefu wa futi 12 na nusu sakafuni. Toyota Camry ina futi 16. Umetoa gari moja ili uweke ngazi.

Na kumbuka ile hesabu ya paundi 30. Ukiweka ngazi ya kudumu, kanuni zinaichukulia dari kama mahali patakapojazwa kweli, na kenchi za kawaida hazikuhesabiwa hivyo. Kwa hiyo ngazi inaweza kukulazimu kuimarisha sakafu yote ya juu. Kwa anayejenga upya ni rahisi: mwambie mjenzi aagize kenchi za dari la kuhifadhia tangu mwanzo, zile zenye nafasi ya mraba katikati. Hapo ngazi ya kudumu ndiyo jibu, na kuzunguka tundu weka reli ya inchi 36. Anayekarabati nyumba iliyopo aombe hesabu kwanza kabla ya kuipenda.

Lifti ya mizigo

Ni jukwaa linaloshushwa kwa nyaya na mota kutoka darini, unalipakia chini, unabonyeza, unapanda ngazi mikono mitupu, unalipakua juu. Za nyumbani zinazouzwa zaidi hubeba karibu paundi 200. Lifti ndiyo pekee inayojibu swali langu la mikono moja kwa moja, na kwa watu wanaotunza matairi, jenereta, au vifurushi vizito vya kusafirisha, inastahili gharama yake. Lakini si ya kupandia watu, hata kwa utani wa watoto, na mota yake inaongeza uzito juu ya kenchi zile zile. Bila ngazi hufiki kuipakua, kwa hiyo hesabu vitu viwili: matundu mawili, au tundu moja kubwa, na kinga ya moto kwa yote.

Kuna wanaofunga kapi na kamba kwenye kenchi kama mbadala wa bei rahisi. Kapi lenyewe halina tatizo. Mzigo ukining'inia kwenye nukta moja ya ubao ambao haukuhesabiwa kubeba kitu, tatizo ni ubao.

Vya kutopandisha kabisa

Texas wakati wa kiangazi, joto la darini hupita nyuzi 50 za Selsiasi. Petroli, mitungi ya gesi, makopo ya kupuliza, rangi, dawa, betri za litiamu, mishumaa na albamu za picha hazina biashara huko. Ukiviondoa hivyo, kisha ukiviondoa na vizito kama vitabu, mara nyingine kinachobaki ni kidogo kiasi kwamba rafu za ukutani zinatosha. Zipo pia rafu za kuning'iniza darini ndani ya gereji, za futi 4 kwa 8, zilizoandikwa paundi 600. Hiyo ni nguvu ya rafu. Kenchi zinazoishikilia zina namba yao, na tumeshaiona.

Ningechagua vipi

Kwa gereji iliyoungana na nyumba, familia ya watu wazima wawili wenye afya wanaopanda mara moja kwa mwezi: ngazi ya kushusha ya aluminiamu ya paundi 350, yenye mlango uliopimwa kwa moto, na plaiwudi imepigiliwa juu ya kenchi ili mtu asikanyage jipsamu na kutokea gerejini kwa mguu. Taa yenye swichi ya chini. Kamba ya kuvutia ikatwe fupi, mtoto asiifikie.

Mkiwa na mzee anayeishi nanyi, mama au baba mkwe aliyekuja kukaa na wajukuu, jua kwamba siku moja atatafuta sufuria yake kubwa wakati ninyi mko kazini. Vitu vyake vikae chini, kwenye rafu ya kimo cha kifua. Hilo halihitaji ngazi ya aina yoyote.

Aliyepanga nyumba hana ruhusa ya kukata dari ya mwenyewe, na tundu la inchi 22 kwa 30 alilolikuta halikukusudiwa kupitisha mizigo. Kwake rafu za kusimama ni chaguo la busara, na ngazi ya kuegemeza ya aina ya IA itumike kwa ukaguzi tu.

Ukienda dukani, nenda na vipimo vilivyoandikwa. Pima kimo kutoka sakafuni hadi dari pale pale tundu litakapokuwa, kwa sababu ya ule mteremko; katikati ya gereji utapata namba nyingine. Pima nafasi kati ya kenchi na kenchi, na kimo cha paa juu ya tundu, maana kichwa nacho kinahitaji pa kupita. Pima futi za sakafu zilizo wazi mbele ya ngazi ikiwa imekunjuka, gari likiwa ndani na likiwa nje. Mwisho, jipime mwenyewe ukiwa na viatu vya baridi na boksi zito kabisa unalokusudia kupandisha, uipeleke namba hiyo kwenye kibandiko cha ngazi.